Seti ya plastiki, behewa la dukani lililokamilika au resini: lipi linafaa kama unajali historia?

Mtu akianza treni za modeli za Kimarekani na akawa anajali historia anakwama mapema tu. Unataka mabehewa ya mizigo yanayofanana na yale ya kweli, sio midoli, alafu ukiingia dukani unakuta boksi moja (behewa lililofunikwa lenye paa na milango ubavuni) la futi 40 linauzwa dola 20 na kitu, lingine dola 60, lingine limekuja vipande vipande ndani ya mfuko na bado wanataka dola 70, na yote matatu yameandikwa PENNSYLVANIA, jina la kampuni ya reli, ubavuni. Sa unabaki unashangaa, tofauti iko wapi hasa, na je hiyo tofauti inakuhusu wewe au ni ugomvi wa wazee wenye miwani ya kukuza?

Tulinganishe basi. Nabaki kwenye skeli ya HO, yani 1:87, kwa sababu ndo yenye vitu vingi sokoni, na mfano wangu mkuu utakuwa boksi la chuma la futi 40 la miaka ya 1940 na 1950 maana hilo ndo lilikuwa behewa la kila mahali Marekani, lilibeba ngano, magunia ya saruji, makopo, karatasi, fanicha, kila kitu ambacho hakitakiwi kulowa. Kwenye HO linakuwa na urefu wa kama sentimita 14. Wewe wa miaka ya 1970 usiondoke, mantiki ni ileile na ya kwako yapo.

Vigezo kwanza

Cha kwanza kabisa ni mwaka. Na nikisema mwaka simaanishi "zamani" au "enzi za mvuke", namaanisha namba, 1948 au 1953 au 1977, kwa sababu bila hiyo huwezi hata kusema behewa fulani ni sahihi au sio sahihi. Reli za Marekani zilikuwa na kanuni za pamoja, maana behewa la kampuni moja lilizunguka kwenye reli za kampuni zingine zote, kwa hiyo kanuni ikibadilika inaonekana nchi nzima. Mabehewa ya barafu yenye matangazo makubwa ya bia, siagi na nyama ubavuni, yale yanayopendwa sana na watu, ICC, tume ya serikali ya Marekani iliyosimamia reli, iliyapiga stop 1934 na miaka michache baadaye yakawa yamefutwa, sasa mtu anayaweka nyuma ya dizeli ya 1955 na kila mtu anapiga picha. Bogi (fremu za magurudumu chini ya behewa) za zamani za vyuma vya kufunga kwa bolti ziliondolewa kwenye mzunguko mwanzoni mwa miaka ya 1940. Breki aina ya K zilianza kuachwa kwenye mabehewa mapya 1933 zilipokuja za AB, ila zile za zamani ziliendelea kuzunguka mpaka 1953 ndo zikakatazwa kabisa kuvuka reli ya mwenzio. Kuanzia 1966 maboksi mapya yakaanza kujengwa bila ule ubao wa kutembelea juu ya paa. 1967 zikaja zile lebo za mistari ya rangi za kusomwa na mashine, zikaachwa 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikaongezeka kile kibandiko cheusi cha taarifa za kulainisha mafuta, na 1978 ikaongezeka doti ya njano ya ukaguzi wa magurudumu. Kampuni ya reli ya Penn Central ilizaliwa 1968, Burlington Northern 1970, Conrail 1976. Ukiwa na hizi tu kichwani unaweza kutembea kwenye maonyesho ya modeli ukaanza kuona vituko mwenyewe bila kufundishwa na mtu.

Cha pili ni umbo, na hapa watu wanakosea kwa kukimbilia rivet, zile pini za kushikanisha vyuma. Rivet huzioni ukiwa umesimama mita moja kutoka kwenye meza. Kinachoonekana kwanza ni urefu wa behewa kwenda juu. X29, aina ya boksi ya kampuni ya Pennsylvania, ambayo ilianza kujengwa 1924 na ikafika karibu 30,000, ndani ilikuwa na kimo cha futi 8 na inchi 7. Mabehewa ya muundo wa 1932 yalikuwa na futi 9 na inchi 4. Muundo wa 1937 wa AAR, chama cha kampuni za reli za Marekani, ukapanda hadi futi 10, na PS-1 ya kiwanda cha Pullman-Standard iliyoanza 1947 mengi yalikuwa futi 10 na nusu. Kutoka X29 mpaka PS-1 ni karibu futi mbili, kwenye HO hiyo ni milimita 6 au 7 hivi, na jicho linaidaka papo hapo. Angalia picha yoyote ya treni ya mizigo ya 1950 utaona mstari wa mapaa unapanda na kushuka kama meno ya mzee. Kwenye meza za watu wengi mstari umenyooka kama rula, kwa sababu mabehewa yote yametoka kwenye umbo moja la kiwandani.

Baada ya kimo angalia kuta za mwishoni na paa. Zile kuta za mbele na nyuma zilikandamizwa mawimbi ya chuma ili ziwe imara, na mpangilio wa mawimbi unabadilika kulingana na mwaka na kiwanda, vita vilipoisha yakaja yale yenye mawimbi makubwa na membamba katikati yake, PS-1 ilikuwa na ya kwake peke yake. Paa nalo, la 1940 lina paneli za mstatili zilizo bapa, la 1950 mara nyingi lina paneli zenye mkunjo wa mshazari. Na sisi watu wa modeli tunaangalia treni kutoka juu, kwa hiyo paa ndo tunaliona kuliko ubavu! Alafu mlango, kuna Youngstown wenye mikunjo mingi myembamba na Superior wenye paneli chache kubwa.

Vigezo vilivyobaki ni vitu vidogo vidogo (vishikio, ngazi, mabomba ya breki), maandishi, sehemu ya chini na jinsi linavyotembea, na mwisho pesa, muda na uimara. Kwenye maandishi nikupe kijaribio kimoja kizuri ambacho hakihitaji kitabu. Ubavuni mwa kila boksi kuna mistari mitatu, CAPY, LD LMT na LT WT, yani uwezo, kikomo cha mzigo na uzito wa behewa likiwa tupu. Kwa behewa la tani 50 la enzi hizo, ukijumlisha LD LMT na LT WT lazima upate pauni 169,000, kwa sababu hicho ndo kilikuwa kikomo cha uzito wote kwenye reli kwa ekseli za saizi ile. Kwa hiyo likiandikwa LT WT 44600 basi LD LMT iwe 124400. Behewa la tani 40 jumla ni 136,000, la tani 70 ni 210,000. Chukua lensi, piga hesabu, na kama jumla haifiki hapo na mwaka wako ni 1950, ujue aliyechora alikuwa anapamba tu. Pembeni ya LT WT kuna tarehe ya mwisho kupimwa, kama ni NEW 5-47 ina maana limetoka kiwandani Mei 1947 na halijapimwa tena. Mabehewa yalipimwa upya kila baada ya miaka michache, kwa hiyo NEW 5-47 kwenye treni ya 1956 ina walakini.

Seti za plastiki za bei poa

Hapa namaanisha Accurail na wenzake, na yale ya zamani ya Athearn ya boksi la bluu ambayo hayatengenezwi tena ila yamejaa kwenye mitumba ya maonyesho ya treni kwa bei ya soda na chipsi.

Umbo. Accurail wanajitahidi kuliko watu wanavyodhani, maboksi yao yana vipimo vyenye kichwa na miguu, yanafuata miundo iliyokuwepo kweli na wana aina kadhaa za mbao na za chuma. Athearn za zamani ni nene, ule ubao wa juu ya paa kwa mfano, ukiupima kwa skeli ni gogo. Vishikio na ngazi vimemwagwa pamoja na ukuta kwa hiyo havina nafasi nyuma yake. Kishikio cha kweli ni nondo ya kama milimita 19, kwenye HO inakuwa milimita 0.2, hakuna plastiki ya bei hii inayofika huko.

Maandishi ndo penye mtego. Umbo moja linapakwa rangi za kampuni thelathini na labda kampuni kumi tu ndo zilikuwa na behewa la namna ile, yaliyobaki wenyewe wanayaita mafubi, rangi sahihi kwenye mwili usio wake. Sio wizi, sanduku haliahidi chochote, lakini ni juu yako kuhakiki. Njia ni kuchukua namba ya behewa na kuitafuta kwenye rejista ya Official Railway Equipment Register ya mwaka karibu na wako, ile inaorodhesha kila kampuni na mfululizo wa namba na vipimo vya ndani, nakala za zamani zimeshapigwa skani nyingi. Namba ikiangukia kwenye mabehewa ya kimo tofauti, ni fubi.

Chini na kutembea: kapla (viunganishi vya behewa na behewa) zinazokuja ni za plastiki, watu wengi wanazitoa na kuweka Kadee za chuma, magurudumu nayo wanabadilisha. Ukiongeza hiyo bei inapanda kidogo ila bado uko chini. Linaunganishwa jioni moja, halivunjiki hovyo, mtoto akilidondosha unaliokota unaendelea.

Linamfaa nani? Mtu anayehitaji mabehewa mengi, mwenye watoto ndani ya nyumba, na pia, hili watu hawalisemi, mtu anayetaka kujifunza kuchonga. Kukwangua vile vishikio vya kumwagwa kwa wembe, kutoboa vitundu na kuweka vya waya, kubadilisha mlango, ni kazi ya kujifunzia kwenye kitu cha dola 20 ukiharibu hulii. Na behewa la namna hiyo likimaliza kupakwa uchafu wa kuiga vumbi na masizi vizuri, kwenye treni ya mabehewa 25 inayopita, nakuambia hulitofautishi.

Yaliyokamilika ya kisasa

Hapa ndo kwenye Kadee, Tangent, Rapido, ExactRail, na matoleo mazuri ya InterMountain na Atlas. Unafungua sanduku, unaweka relini, basi.

Umbo liko juu sana kwa sababu hawa wanachagua behewa moja la kweli na kulifuata. PS-1 ya Kadee ni PS-1, sio "boksi la chuma". Na kuna sababu ya kuichagua, Pullman-Standard walijenga zaidi ya 100,000 ya hayo kwa makampuni kibao, kwa hiyo kiwanda cha modeli kikiwekeza kwenye umbo hilo kinaweza kuuza rangi nyingi bila kudanganya. Vishikio vimewekwa kimoja kimoja, ubao wa juu una matundu unaona mwanga chini yake, gurudumu la breki ya mkono ni la kampuni husika, Ajax au Miner au Equipco, mabomba ya breki chini yapo na yanaelekea mahali pake. Vile vipande vitatu vya breki ya AB, silinda, tangi na vali, vimetengana kama inavyotakiwa.

Maandishi pia, ukichukua lensi yanasomeka na ile hesabu ya 169,000 inatoka. Lakini! Usilale. Behewa linaweza kuwa sahihi asilimia mia na bado likawa sio la kwako, kwa sababu limechorwa kama lilivyokuwa 1962 baada ya kupakwa rangi upya na wewe uko 1951. Pennsylvania ilibadilisha alama yake ya keystone (umbo la jiwe la kilele cha tao) katikati ya miaka ya 1950, ikaja ile yenye kivuli, New York Central ikahamia kijani cha jade kuelekea mwisho wa muongo huohuo. Soma maelezo ya toleo. Wazuri wanaandika kabisa tarehe ya kujengwa na ya kupakwa rangi, asiyeandika muulize muuzaji, akiguna jua hajui.

Kuhusu kutembea hawa hawana shida, magurudumu ya chuma, uzito umekaribia pendekezo la NMRA, chama cha wanamodeli wa reli wa Marekani, ambalo ni wakia moja kuanzia na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu, kwa boksi letu inakuja kama gramu 106. Magurudumu yenyewe ndo mjadala mwingine wa watu wasiolala. Upana wa gurudumu la kawaida la modeli ni milimita 2.8, lile jembamba ni 2.2, na la kweli likipunguzwa kwa skeli linatakiwa liwe kama 1.7. Kwa hiyo hata lile "la skeli" sio la skeli. Ukitazama behewa kutoka nyuma jembamba linapendeza, ukitazama ubavuni huoni tofauti yoyote, na kama njia zako zina makutano yaliyotengenezwa kizembe lile jembamba litadumbukia. Kapla ni hivyohivyo, Kadee namba 5 ni kubwa kuliko ya kweli, namba 58 na 158 zina kichwa kilichokaribia saizi.

Sasa uchungu. Bei, dola 45 mpaka 65 kwa moja na inapanda, na matoleo ni ya msimu, unaagiza kabla halijatengenezwa, ukichelewa limeisha na unaanza kuwinda mitandaoni kwa bei ya mtu mwingine. Vitu vyembamba vinavunjika. Ngazi ya chini ya kukanyagia, ile stiripu ya pembeni, ndo ya kwanza kwenda, ukilishika behewa vibaya kulitoa kwenye sponji unasikia tik. Mwenye kuagiza kutoka Marekani kwenda Dar au Nairobi aongeze nauli na ushuru kwenye hesabu, na mizigo ikirushwa njiani sanduku zuri halisaidii sana.

Linamfaa mwenye pesa kuliko muda. Na anayetaka behewa lililokuwepo kwa wingi, kwa sababu viwanda vinafuata soko, behewa lililojengwa 300 tu kwa kampuni ndogo ya kule Maine usilisubiri huku.

Resini

Hapa majina yanayosikika ni Westerfield, Funaro & Camerlengo, Yarmouth, Resin Car Works na wengine wadogo wadogo, mara nyingi ni mtu mmoja au wawili wanamwaga resini (plastiki ya maji inayokauka ikawa ngumu) kwenye kalibu ya mpira. Unapata mwili, mzima au kuta bapa za kuunganisha mwenyewe, vipande vya chuma chembamba, waya, dekali (maandishi ya kubandika) na karatasi za maelezo ambazo peke yake ni somo la historia. Bogi na kapla mara nyingi unajinunulia.

Kwa umbo, hapa ndo unapata yale ambayo huwezi kuyapata kwingine. Kila kampuni kubwa ilikuwa na behewa la kutambulika kwa mbali, Baltimore & Ohio ilikuwa na lile ambalo paa na kuta ni mkunjo mmoja kama mkate wa boflo, Milwaukee Road walijijengea wenyewe yenye mbavu za mlalo, Pennsylvania ilikuwa na yenye paa la duara. Machache ya hayo yameshatoka kwa plastiki, ila yale ya mbao ya 1910, yaliyokarabatiwa na karakana ya kampuni na kuwa nusu chuma nusu mbao, yaliyojengwa mia mbili tu, hayo ni resini. Vishikio ni waya unaoupinda mwenyewe, kwa hiyo unene uko karibu sana na ule wa 0.2.

Maandishi unaweka mwenyewe, na hapo uhuru ni mkubwa kuliko behewa lolote la dukani. Unachagua namba, tarehe ya kupimwa, na ile alama fupi ya karakana iliyolipima. Mwaka wako ukiwa 1953 unaandika 52 na mambo yanakaa sawa. Ila pia makosa ni yako, hakuna wa kumlaumu.

Kazi sasa. Resini inapinda, unaiweka kwenye maji ya moto uinyooshe. Unasugua mgongo wa kuta mpaka zikae sawa, na usisugue kavu bila barakoa, lile vumbi sio zuri kwa mapafu, weka maji kwenye msasa. Unatoboa vitundu vya kishikio kwa kijiti cha kutobolea chembamba kama theluthi ya milimita, ambavyo vinakatika kama tambi kwa hiyo nunua pakiti. Kila kitu kinashikana kwa supagluu, ambayo haikupi sekunde ya kujirekebisha. Resini ni nyepesi kwa hiyo uzito unauficha ndani kabla hujafunga, ukisahau umefunga. Alafu rangi, dekali, vanishi. Hizo ni jioni nyingi, na kwa mtu mwenye kazi na familia ni wiki kadhaa kwa behewa moja.

Uimara ni wa wastani. Mwili ni mgumu ila ukidondoka sakafuni unapasuka, hauruki kama plastiki.

Anayefaidi hapa ni yule ambaye kujenga ndo raha yenyewe, na yule anayemodeli kampuni moja au kakipande kadogo ka reli ambapo behewa fulani la ajabu lilipita kila siku na bila hilo mahali hapaeleweki. Kama hupendi kujenga usijilazimishe, kuna masanduku ya resini kwenye makabati ya watu yana miaka ishirini hayajafunguliwa.

Shaba na 3D, kwa kifupi

Ya shaba yalitengenezwa kwa mkono Japani na baadaye Korea, dola mia mbili, tatu na zaidi, mengi hayajapakwa rangi. Zamani ndo yalikuwa njia pekee ya kupata behewa la ajabu, na vishikio vyake mpaka leo ni vizuri. Ila usidhani bei ni dhamana, yapo yaliyofuata mchoro wenye makosa na makosa yakatengenezwa kwa ustadi mkubwa. Leo ni ya mkusanyaji, au ya mtu aliyepata bahati kwenye mirathi ya mwenzake.

Ya printa ya 3D yanakuja kwa kasi, hasa kwa vipuri, kuta za mwishoni, paa, milango, mbavu. Mtu mmoja anachora behewa kutoka kwenye michoro ya kampuni na unalipata bila kalibu. Ubora unategemea nani kachora na printa gani, mengine yana mistari inayotokeza ukishapaka rangi na mengine yanakauka yakawa kama biskuti. Omba picha ya lililopakwa rangi ya kijivu kabla hujalipa, picha ya kompyuta haikusaidii kitu.

Kabla hujatoa hela

Kuna jambo moja halipo kwenye sanduku lolote nalo ni mchanganyiko. Maboksi yalizunguka nchi nzima, na wanaochambua orodha za makondakta wa zamani wameona kwamba mabehewa ya kampuni za nje yalionekana karibu kwa uwiano wa ukubwa wa kampuni. Maana yake hata reli yako ikiwa jangwani Arizona, unatakiwa kuwa na Pennsylvania na New York Central kwa wingi, maana ndo waliokuwa na mabehewa mengi, hata kama yanachosha kwa ile rangi ya udongo mwekundu. Watu tunafanya kinyume, tunanunua moja moja ya kila kampuni yenye rangi ya kuvutia, na treni nzima inakuwa gwaride la bendera. Mabehewa ya makaa ya mawe hayafuati uwiano huo, yale yalienda mgodini na kurudi, kwa hiyo mengi yawe ya reli ya kwako au jirani yako. Na kama mwaka wako ni 1953, bogi zenye beringi za rola, ambazo vifuniko vyake vinazunguka, zisiwe nyingi, karibu zote zilikuwa za kisanduku cha mafuta chenye kifuniko.

Rangi nayo isikutie presha. Picha nyingi za enzi zile ni nyeusi na nyeupe, hakuna anayejua kwa uhakika behewa namba fulani lilikuwa na wekundu gani siku ile, masizi ya mvuke yalibadilisha kila kitu ndani ya miezi. Mapaa ya mabati yaliambua rangi vipande vipande yakabaki na madoa ya kijivu, hilo fanya, linatoa maisha hata kwenye behewa la bei rahisi.

Kwa hali yako

Una meza kubwa na unahitaji mabehewa 40 na zaidi kwa bajeti ya kawaida: seti za plastiki ziwe msingi, hakiki namba kwenye rejista kuepuka mafubi, ongeza machache yaliyokamilika na uyapange mbele, karibu na kiti cha mtazamaji. Changanya vimo, angalau aina tatu.

Una kijimeza kidogo, kituo kimoja, mabehewa manane au kumi yanaingia na kutoka taratibu na unayatazama kwa karibu: hapa dola 60 kwa behewa inaeleweka, na gurudumu jembamba na kapla namba 158 zinalipa kwa sababu jicho lina muda.

Unamodeli kabla ya 1930: plastiki ni chache, za USRA (shirika la serikali lililoendesha reli wakati huo) zipo, yale mabehewa yaliyotokana na agizo la serikali la 100,000 wakati wa vita ya kwanza ya dunia, zilizobaki nyingi ni resini. Kama hutaki resini, afadhali ujue sasa hivi kabla hujajenga meza.

Unamodeli 1970 hadi 1980: yaliyokamilika yana nguvu sana kipindi hiki. Kazi yako ni ndogo lakini ya lazima, lebo za rangi, kibandiko cheusi, doti ya njano kama umevuka 1978, na kuondoa ubao wa juu kwenye baadhi ya maboksi ila sio yote, maana uondoaji ulichukua miaka mingi.

Una mtoto anayeendesha na wewe: plastiki nene, kapla za chuma, na historia muelekeze kwa kumpa lensi asome tarehe ubavuni.

Una muda mwingi na hela kidogo: mitumba ya Athearn na Accurail, wembe, waya wa shaba ya fosfa, pakiti ya dekali. Ukishamaliza machache na mkono umetulia, agiza resini moja ya mwili mzima, sio ya kuta bapa, na iwe boksi la chuma, kwa sababu yale ya mbao yana vishikio vingi zaidi na nguzo za nje ambazo zote lazima zinyooke.

Na kama mwaka bado hujauchagua, usinunue chochote mwezi huu. Ukishindwa kabisa, jaribu kati ya 1948 na 1952, unapata PS-1 mpya inayong'aa pembeni ya X29 kuukuu yenye masizi, mvuke na dizeli pamoja, breki za K bado ziko halali, na karibu kila kiwanda nilichokitaja kina kitu cha kukuuzia.